Toa Moja

Shemeji yangu hawezi kukaa kwa raha katika chumba chenye picha iliyopinda. Atazungumza nawe, atakunywa chai yako, atakuulizia watoto mmoja mmoja, lakini jicho lake liko ukutani. Kabla hujamaliza kumjibu ameshainuka, ameishika ile picha kwa ncha za vidole na kuinyoosha. Ndipo anarudi kuketi, anavuta pumzi, na sasa anaweza kukusikiliza. Nimemwona akifanya hivyo benki. Nimemwona akifanya hivyo hospitali mama alipolazwa, mpaka nesi akauliza kama mgonjwa ni yeye.

Siku ya harusi yake na dada yangu alimsimamisha mpiga picha katikati ya kazi. "Samahani, ndugu yangu. Mguu mmoja wa hicho kisimamio cha kamera umezama." Watu tukavunjika mbavu. Mpiga picha akainama kutazama, akakuta ni kweli. Dada, shela kichwani na jasho puani, hakumtazama bwana harusi, alinitazama mimi. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani, kwa hiyo tangu siku ile lawama zake zote huletwa kwangu.

Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na dada na ofisi ya vitambulisho. Sisi wengine tunamwita Kamba, kwa sababu ya uzi anaoufunga kwenye magari ya watu. Yeye ni fundi wa fremu. Gari likigonga, wewe na mimi tunatazama bati lililokunjamana na taa iliyopasuka. Yeye analala chali sakafuni, anaingia chini ya gari, anatafuta mifupa. Mimi ni fundi wa rangi, na rangi ni ngozi. Ndiyo maana wateja hunisifu mimi na kumpita yeye mlangoni, jambo ambalo halijawahi kumkera hata kidogo. Mimi ndiye ninayekereka, kwa niaba yake.

Tunafanya kazi pamoja katika banda moja refu la mabati. Upande wa ndani ni wangu, nyuma ya pazia la nailoni, ili vumbi lisinichezee. Upande wa nje ni wake, na sakafu ni yake pia. Aliimwaga mwenyewe, akaipima kwa maji, hakuridhika, akaivunja, akaimwaga tena, mara tatu. Ukiangusha nyundo juu yake hasemi neno, anakuja tu na kupapasa pale ilipoangukia mpaka unaona aibu.

Kazi yake anaifanya hivi. Anachukua timazi, kile kipande cha shaba chenye ncha kinachoning'inia kwenye uzi, anakishusha kutoka kwenye tundu fulani la fremu mpaka kikaribie kugusa sakafu. Anasubiri kitulie. Anaweka alama ya chaki. Kisha tundu jingine, kushoto, kulia, mbele, nyuma, mpaka sakafuni patokee ramani ya mifupa ya gari lile. Halafu anapima msalaba: kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, na kutoka mbele kulia mpaka nyuma kushoto. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana imepinda, hata mwenye gari aape vipi. Gereji kubwa za mjini zina mashine ya kazi hiyo, yenye taa na kioo. Nilimwambia siku moja, akasema mashine ni nzuri, ila yeye anayo sakafu.

Na anayo futi yake. Hapa lazima niieleze vizuri hiyo futi, maana ndiyo iliyonitoa jasho.

Ni futi ya chuma, ya kujikunja ndani ya kikopo chake, ya kawaida kabisa. Mwaka aliozaliwa binti yao wa kwanza, gari lilishuka kwenye jeki likaikalia ncha, na ile ncha ikakatika pamoja na sentimita nzima ya kwanza. Mtu mwingine angenunua nyingine siku hiyohiyo. Kamba akasema imeshauzoea mkono wake. Kwa hiyo tangu hapo, ukipima kitu kwa futi ile, unasoma namba, halafu unatoa moja. Miaka ishirini na mitatu banda zima linatoa moja. Dada akipima kitambaa cha pazia, anatoa moja. Wapwa zangu walipoanza shule walikuwa wakitoa moja hata kwenye rula nzima, mpaka mwalimu wa hesabu akawaita wazazi.

Sasa mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakiri, na nina majivuno kidogo. Mwezi mmoja kabla ya mambo haya alikuja mkaguzi wa magari, akaiokota ile futi mezani, akaigeuzageuza, akauliza, "Na hii imeliwa na panya?" Kamba alicheka. Mimi niliwaka. Mchana huohuo nilikwenda dukani nikanunua futi mpya ya rangi ya machungwa, ina mpira wa kuishikia na kitufe cha kuifunga, nikamletea shemeji yangu mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi ya harusi.

"Asante, shemeji. Nzuri sana," akasema. Akaiweka kwenye droo ya nati kuukuu. "Ikae hapa ipumzike."

"Ipumzike na nini? Haijafanya kazi hata siku moja!"

Kesho yake niliitoa mle kwenye droo nikaitia mfukoni mwa ovaroli yangu, moyo ukiniuma. Nikajisemea kwamba iko siku.

Siku yenyewe ililetwa na kuku wa Mwalimu.

Mwalimu ndiye yule yule wa hesabu. Alinifundisha mimi, akamfundisha dada, akawafundisha wapwa zangu. Amestaafu, lakini ukikutana naye njiani bado unaficha kucha. Ana gari la spoti la zamani, la viti viwili, pua ndefu, paa la turubai, rangi ya damu ya mzee ambayo nimeipuliza mwenyewe mara mbili. Alilinunua ujanani kwa mshahara wake. Walipomuuliza mwanamke peke yake anataka nini na gari la namna ile, alisema kiti cha pili ni cha madaftari. Wanafunzi tulilisukuma asubuhi za baridi, na aliyesukuma vizuri alipewa lifti ya kuzunguka uwanja mara moja. Mimi nilizunguka mara mbili maishani mwangu, na ndiyo sababu nikawa fundi wa magari na si kitu kingine.

Jumamosi ile alikuwa anaingia kwake, kuku akakatiza, akamkwepa, akagonga nguzo ya geti lake mwenyewe. Kuku yu mzima, anatembea pale uani kama mwenye nyumba. Gari lilikuja kwetu limeburutwa. Bampa, taa, boneti na madigadi la kulia havikunitisha, hayo ni mabati. Ila Kamba alipotoka chini ya gari hakuwa anatabasamu. Mkono wa kulia wa fremu, kile chuma kinene kinachotoka chini ya injini kwenda mbele kushikilia tairi, ulikuwa umerudi nyuma na kukunjamana kama soksi.

Mkaguzi alikuja, akachungulia, akatikisa kichwa. Fremu mpya ya gari lile haipatikani popote, kiwanda chake kilishafungwa. Akasema atarudi Ijumaa. Akikuta fremu haijanyooka, anafuta usajili, na gari liuzwe vipande vipande kwa watu wa vipuri.

Mwalimu alisimama pale na mkoba wake mkononi. "Kamba, litanyooka?"

Shemeji alirudi chini ya gari akakaa huko nusu saa nzima. Alipotoka alijifuta mikono. "Litanyooka, Mwalimu."

"Basi nimeridhika," akasema, akaenda zake kwa miguu.

Msomaji wangu, hilo neno "litanyooka" shemeji halitumii ovyo. Magari mengine anayatazama na kusema "pole," na mwenye gari analia mbele yetu. Akisema litanyooka, limenyooka. Hajawahi kulisema likaenda bure, na banda zima linakula kwa neno hilo.

Jumatatu akapima. Msalaba wa upande mzima: mia mbili arobaini na tatu, toa moja, mia mbili arobaini na mbili. Akaiandika ukutani kwa chaki. Msalaba wa upande ulioumia ulikuwa mfupi kwa sentimita nne. Jumanne akalifunga gari kwa minyororo kwenye pete za sakafuni, akaupasha moto ule mkono wa fremu, akaanza kuuvuta kwa jeki.

Kazi hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu, ingawa simwambii. Chuma kina ukaidi. Ukikivuta mpaka kwenye alama na kukiachia, kinarudi nyuma kidogo. Kwa hiyo inabidi ukipitishe alama, halafu ukiache kirudi chenyewe mahali pake. Ukipitishe kiasi gani, hakuna kitabu kinachosema. Kamba anaweka kiganja cha kushoto juu ya chuma huku mkono wa kulia unapampu jeki, na kiganja kinamwambia. Mara zote nilizowahi kumwona, kiganja hakijamdanganya.

Mimi kazi yangu ilikuwa kushusha timazi, kupima na kumsomea. Yeye alikuwa amelala chini ya gari, na futi yake imo mfuko wa nyuma, ameilalia. Hapo shetani akanipitia. Nikatoa futi yangu ya machungwa. Nikasema moyoni: nitapima kazi yote hii kwa futi hii, likishanyooka nitaitoa mbele ya mkaguzi, mbele ya Mwalimu, niseme, shemeji, unaiona hii uliyoitupa kwenye nati? Nilishaanza kucheka peke yangu.

"Ngapi?" akaita kutoka chini.

Nikasoma, nikatoa moja kama kawaida, nikamwitia, "Arobaini na moja!"

"Bado kidogo." Jeki ikalia. Mnyororo ukakaza. Akauachia taratibu, tukasubiri chuma kipumue. "Sasa?"

Nikasoma tena, nikatoa moja. "Arobaini na mbili! Pale pale!"

"Funga kazi," akasema, akatoka chini uso umejaa masizi na meno yote nje.

Jumatano asubuhi, tairi zikiwa zimerudi mahali pake, tulifanya mtihani wake wa maji. Anamwaga ndoo ya maji uani, anapitisha gari pole pole juu ya maji na kutoka kwenye sementi kavu. Tairi za nyuma lazima zikanyage humo humo zilimokanyaga za mbele. Ukiona mistari miwili tu, fremu imenyooka. Kamba akapita, akashuka, akarudi kutazama. Akachuchumaa. Kulikuwa na mistari mitatu. Upande mmoja alama ya tairi la nyuma ilichungulia nje ya ile ya mbele, upana wa kidole.

Alishusha timazi, akatoa futi yake mfukoni, nikashika ncha, akasoma.

"Mia mbili arobaini na nne," akasema. "Toa moja."

Neno hilo nimelisikia kila siku kwa miaka ishirini na mitatu, lakini safari hii lilinigonga kifuani. Mkono wangu mwingine ulikuwa mfukoni, umeshika mpira wa futi mpya. Futi nzima. Isiyokatika kitu. Na mimi nilikuwa nimetoa moja jana kutwa. Aliposikia arobaini na moja, chuma kilikuwa tayari kimefika arobaini na mbili, na nilimfanya akivute sentimita nzima zaidi kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Arobaini na tatu," Kamba akamalizia polepole. Akageuza kiganja chake cha kushoto akakitazama. "Jana uliponisomea kilikuwa sawa."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi nilikitoa kwenye mnyororo kabla hakijatulia, kikatembea chenyewe usiku. Kiganja kimenidanganya."

"Kirudishe, shemeji. Ni sentimita moja tu."

"Chuma hiki kimeshachomwa na kuvutwa. Kimebaki na uvumilivu wa mara moja. Nikikosea tena kinapasuka." Akainuka, magoti yakalia. "Na nikirudishe kwa kiganja gani? Hiki?"

Akauviringisha uzi wake kwenye timazi, akautia mfukoni, akasema kesho asubuhi atamwita Mwalimu amwambie alitafutie gari watu wa vipuri. Na yeye mwenyewe ataangalia kazi nyingine ya kufanya, isiyohitaji kipimo. Akaenda nyumbani saa sita mchana. Sijawahi kumwona akienda nyumbani saa sita mchana.

Na mimi nilinyamaza. Nimekaa kuandika mambo haya ili niseme ukweli, kwa hiyo nauandika na huu: nilijua, na nikanyamaza. Nilimwonea aibu yeye, nikamwonea aibu Mwalimu, na zaidi ya yote niliona aibu kwa ajili ya futi ile niliyoinunua kwa mbwembwe. Nilijiambia nitasema jioni. Nikajipa kazi ya kupiga msasa madigadi ambalo nilikuwa nimeshalipiga msasa.

Saa kumi dada akapiga simu. "Umemfanya nini mume wangu?"

"Mimi? Kwani kafanyaje?"

"Njoo."

Nilipofika alinipokea mlangoni na kunivuta jikoni. Kwenye beseni kulikuwa na ovaroli ya Kamba imelowekwa. Ovaroli hufuliwa Jumamosi, si Jumatano. "Ameikunja mwenyewe akaniletea," dada akasema. "Amesema nikishaifua niiweke tu. Niiweke wapi? Kisha njoo uone hiki." Akanipeleka sebuleni, akaninyooshea kidole ukutani. Picha ya harusi yao ilikuwa imepinda. Si kidogo, imepinda kiasi cha kuonekana na mtu yeyote. "Niliipindisha nikipangusa vumbi asubuhi. Ameipita mara tatu."

Kamba akaingia, ametoka kuoga. "Shemeji, karibu." Akaketi kwenye kiti chake kinachoelekea ukuta ule. Aliiona ile picha, nilimwona akiiona. Macho yake yalikaa pale kidogo, halafu yakashuka kwenye kikombe cha chai, yakabaki humo.

Nilitamani kulia, mtu mzima mimi.

"Nilikuwa nakuwaza," akasema. "Usije ukajilaumu. Wewe ulisoma vizuri. Kosa ni langu."

Chai ikanipalia. Dada akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilifungua mdomo mara mbili, na mara mbili nikasema habari za hali ya hewa. Nilipokuwa naaga, dada akanifuata mpaka nje.

"Wewe mtoto, una jambo."

"Sina, dada."

"Unajikuna sikio. Tangu ulipovunja birika la mama unajikuna sikio. Sitakuuliza. Ila yule mle ndani ameacha picha imepinda, na mimi siwezi kuishi na mtu wa namna hiyo, sikuolewa naye."

Alhamisi Mwalimu alifika kabla hatujafungua mlango wote. Kamba alikuwa amevaa shati la kwendea mjini. Alimweka kwenye kiti, akamweleza yote, hakujificha nyuma ya neno hata moja: kwamba alisema litanyooka na halikunyooka, kwamba chuma kimemtembea, kwamba mkono wake umeisha. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye gari, akaweka mkono juu ya boneti, akaupitisha taratibu mpaka kwenye kioo.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Kila kitu kina mwisho wake. Huyu kanivumilia sana." Na akaanza kuondoa vitu vyake kwenye kiti cha pili. Miwani. Mwavuli. Kalamu nyekundu.

Ile kalamu nyekundu ndiyo iliyonimaliza.

"Mwalimu, ngoja!" Sauti ilitoka kubwa mno, nikamshtua. Nikaitoa ile futi ya machungwa mfukoni, nikaiweka mezani mbele yao. "Jumanne nilipima kwa hii. Kwa siri. Nilitaka kumkoga shemeji. Na nikatoa moja."

Nje mtu alikuwa anapiga bati, akaacha.

"Hii ni nzima," Mwalimu akasema, akiivuta ncha.

"Nzima, Mwalimu."

"Na wewe ukatoa moja."

"Mdomo ulizoea, Mwalimu."

Akanitazama kwa yale macho ya ubaoni. "Nilipowaita wazazi wa wale watoto wa dada yako, nilidhani tatizo ni la watoto." Akaishusha futi. "Mimi nilikufundisha kutoa. Sikukufundisha kutoa kila mahali."

Kamba aliichukua futi yake ya zamani, akazilaza zote mbili mezani sambamba, ncha kwa ncha, akazivuta. Akaangalia namba zinavyopishana kwa moja, mpaka mwisho wa meza. Nilijikaza kungoja kipigo cha maneno. Badala yake aliinua kiganja chake cha kushoto.

"Kwa hiyo kiganja changu kiko sawa?"

"Kiko sawa, shemeji. Kilikuwa sawa tangu mwanzo. Mbovu ni mimi."

"Niliposema funga kazi, chuma kilikuwa tayari kimefika arobaini na tatu?"

"Pale pale. Hakikutembea hata unywele."

Akaanza kucheka. Kwanza kidogo, puani, kisha akashika madigadi, kisha akakaa chini kwenye sakafu yake na shati lake la kwendea mjini, machozi yanamtoka. Mwalimu akaambukizwa. Mimi nilicheka mwisho, nikiwa na wasiwasi.

"Shemeji, hukasiriki?" nikauliza.

"Nitakukasirikia Jumamosi," akasema, akijifuta macho. "Leo nina kazi. Niletee ovaroli."

Ovaroli ilikuwa kwenye kamba ya nguo nyumbani, mbichi. Nilikimbia kuichukua, na dada aliponiona nimeikumbatia alinisindikiza kwa vigelegele mpaka barabarani. Kamba aliivaa hivyo hivyo inadondosha maji, akaingia chini ya gari. Mwalimu alikataa kuondoka. Yeye ndiye aliyeshika futi safari hii, ile ya zamani, na mimi nilipewa kazi ya kushika taa na kufunga mdomo. Jeki ililia kinyumenyume, kidogo, kidogo sana. Kamba alikuwa amefumba macho, kiganja juu ya chuma. Chuma kikatoa mlio mmoja mkavu, sote tukaacha kupumua. Hakikupasuka. Akaachia mnyororo, akangoja muda mrefu.

"Mwalimu?"

"Mia mbili arobaini na tatu," akasoma Mwalimu. "Toa moja. Mia mbili arobaini na mbili."

Alasiri tairi zikarudi, ndoo ikamwagwa, na Mwalimu akaendesha mwenyewe. Alipita juu ya maji kwa mwendo wake wa kusahihisha, akatoka kwenye sementi kavu, akauachia usukani na kuinua mikono yote miwili juu kama darasa lililomaliza mtihani. Gari likaenda lenyewe, limenyooka, mpaka getini. Nyuma yake kulikuwa na mistari miwili. Kamba alichuchumaa kuitazama mpaka jua likaikausha. Ijumaa mkaguzi alipima kwa futi yake mwenyewe, mara mbili, akagonga muhuri, na akauliza kwa upole kama ile ya panya bado iko.

Jumapili niliingia kwa dada, nikakuta picha imenyooka. Lakini kabla ya Jumapili kulikuwa na Jumamosi, na Kamba ni mtu wa kutimiza ahadi. Saa nne kamili aliniita nje ya banda, akanikasirikia robo saa nzima. Alinisema kwa siri niliyoifanya, akanisema kwa kumwacha alale siku moja akidhani ameisha, akanisema vizuri, kwa utaratibu, bila kurudia neno. Nilistahili yote, na nilifurahi kusikia sauti yake ina nguvu.

Alipomaliza aliniambia nimpe futi ya machungwa. Nikadhani anairudisha kwenye droo ya nati. Akaenda mezani, akaivuta ncha, akaikaza kwa kidole gumba, akachukua mkasi wa bati, akapima kwa makini kuliko ninavyoweza kueleza, na akakata sentimita ya kwanza. Kile kipande akanitilia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Kisha akanikabidhi futi iliyobaki.

"Pima meza hii."

Nikapima. "Mia na sitini na moja," nikasoma.

Akangoja, mikono nyuma, kama alivyongoja siku zote chuma kitulie.

"Toa moja," nikasema. "Mia na sitini."

"Haya, shemeji," akasema. "Twende kazini."